Mihuri ya Yokohama na Kobe: Kusoma Barua za Japani Zilizovuka Bahari

Barua iliyotumwa kutoka Yokohama kwenda London mwaka 1872 kwa kawaida ina stempu ya Hong Kong, koloni la Uingereza wakati ule, yenye picha ya Malkia Victoria, na juu ya stempu hiyo umegongwa mhuri wenye herufi Y na tarakimu 1, alama ambayo posta ya Uingereza iliipa ofisi yake ya Yokohama. Kobe, ambayo wageni wa wakati ule waliiandika Hiogo kwa kufuata jina la bandari jirani, ilipewa alama D30. Wafaransa, waliokuwa na ofisi yao Yokohama tangu 1865, waligonga tarakimu 5118 katikati ya vitone vilivyopangwa kwa umbo la almasi, na Wamarekani nao walikuwa na ofisi zao katika bandari hizo hizo. Japani ilikuwa nchi huru yenye mfalme wake na serikali yake, lakini barua zilizotoka humo kwenda ng'ambo zilipita mikononi mwa mataifa matatu ya kigeni, kila moja likitoza ada kwa stempu zake na kugonga mhuri wake.

Jambo hilo nimelielewa kwa kutazama mihuri, na ndiyo sababu ninakusanya mihuri kuliko stempu. Stempu hutuambia kwamba ada imelipwa. Mhuri hutuambia nani alikuwa na mamlaka ya kuipokea barua, siku gani, aghalabu saa ngapi, na ilipita wapi kabla ya kufika. Katika barua za Japani za kwenda nje, tangu bandari zilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1859 hadi Vita vya Pili vya Dunia, suala hilo la mamlaka limo ndani ya wino wenyewe, na mtu mwenye subira na kioo cha kukuzia anaweza kulifuatilia mwaka baada ya mwaka.

Msomaji wa pwani yetu hana sababu ya kuliona jambo hili geni. Unguja nayo ilikuwa na posta ya Uhindi wa Kiingereza tangu miaka ya 1870, Wafaransa wakafungua ofisi yao mwaka 1889 na kuiendesha hadi 1904, na Wajerumani wakawa na wakala wa posta kwa muda mfupi kati ya 1890 na 1891. Anayezisoma bahasha za Unguja za miaka hiyo hukutana na mchanganyiko uleule wa mihuri ya wageni katika mji mmoja. Tofauti iko katika namna hali hiyo ilivyokwisha. Huku kwetu utawala wa Kiingereza ulijiimarisha na kuendesha posta chini ya ulinzi wake. Japani iliziondoa ofisi za wageni kwa kujenga posta ambayo wageni wenyewe walilazimika kukiri kuwa inatosha.

Mwanzo wa posta hiyo ni tarehe 20 Aprili 1871, kwa mpango ulioandaliwa na Maejima Hisoka, ambaye Wajapani hadi leo humwita baba wa posta yao. Huduma ilianza kati ya Tokyo, Kyoto na Osaka, na stempu za kwanza zilikuwa na picha ya majoka mawili, thamani yake ikitajwa kwa fedha ya zamani iliyoitwa mon. Lakini hiyo ilikuwa posta ya ndani. Mtu wa mji wa bara aliyetaka kumwandikia ndugu yake San Francisco alilipa stempu za Japani kwa ajili ya safari ya hadi bandarini, kisha barua ikahitaji stempu za nchi ya kigeni ili ivushwe bahari. Bahasha zilizobaki zenye stempu na mihuri ya nchi mbili kwa pamoja ni chache mno. Mimi nimeziona katika maonyesho na katika orodha za minada tu, na naamini hakuna vipande vingine vya karatasi vinavyoeleza kwa ufupi zaidi hali ya Japani katika miaka hiyo.

Mabadiliko yalianzia upande wa Marekani. Samuel Bryan, Mmarekani aliyeajiriwa na serikali ya Japani, alisimamia majadiliano ya mkataba wa posta uliotiwa saini mwaka 1873 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1875. Ofisi za Marekani zikafungwa, na tarehe 5 Januari Yokohama ikafanya sherehe ya kufungua huduma yake ya barua za nje. Kwa ajili ya barua hizo zilitolewa stempu tatu zenye picha za ndege: bata bukini ya sen 12 (sen ni senti ya Kijapani), kindege wa mtoni ya sen 15, na kipanga ya sen 45. Wakusanyaji wa stempu huzisifu kwa uzuri wa michoro. Kwangu uzuri wake umo katika kazi zilizotengenezewa, kwa kuwa stempu hizo zilikuwa tamko la nchi kwamba sasa inaweza kuipokea barua mlangoni pa mwandishi na kuifikisha Amerika bila kuomba mhuri wa mtu mwingine. Tarehe 1 Juni 1877 Japani ikaingia katika umoja wa posta wa kimataifa. Waingereza wakafunga ofisi zao mwishoni mwa 1879, na Wafaransa wakafuata mwezi Machi 1880.

Kuanzia hapo mihuri inakuwa ya Kijapani, na ndipo kazi ya kuisoma inapoanza kwa kweli. Kuna familia tatu za mihuri ya ndani ambazo mkusanyaji wa barua za nje hana budi kuzifahamu, kwa sababu barua iliyotumwa kutoka mji usio bandari iligongwa kwanza mhuri wa kawaida wa mji huo, na mhuri wa herufi za Kilatini ukaongezwa ilipofika Yokohama, Kobe au Nagasaki. Ya kwanza ni ile ya duara mbili, iliyotumika katika miaka ya 1870 na 1880. Ya pili, iliyoanza mwaka 1888, Wajapani huiita maruichi: duara moja lililokatwa katikati na mstari mmoja wa mlalo. Juu ya mstari huandikwa jina la jimbo la kale na jina la ofisi, kwa mfano Musashi na Yokohama. Chini huandikwa mwaka, mwezi na siku kwa kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, pamoja na awamu ya ukusanyaji wa barua. Awamu hizo hazikuhesabiwa kwa namba bali kwa silabi i, ro, ha, ni, ho na kuendelea, kwa mpangilio wa shairi la kale ambalo watoto wa Japani walijifunzia kuandika. Kwa hiyo mtu anayeona silabi ha anajua kwamba barua ilichukuliwa katika awamu ya tatu ya siku hiyo. Nafurahia sana kwamba shairi la shuleni liligongwa juu ya barua za wafanyabiashara wa hariri na chai kwa miaka mingi namna hiyo.

Familia ya tatu ni kushigata, yaani yenye umbo la kitana, iliyoanza mwaka 1906. Jina hilo limetokana na mistari mifupi iliyosimama kama meno juu na chini ya ukanda wa tarehe. Tarehe sasa ni tarakimu za kawaida, jina la ofisi liko juu na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na sehemu ya chini hubeba saa, au jina la mkoa, au nyota tatu. Saa huandikwa kama muda wa kati ya saa fulani na saa fulani, ikitanguliwa na herufi ya kabla ya adhuhuri au baada ya adhuhuri. Ni mhuri safi na rahisi kusomeka, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kumpotosha anayeusoma kwa haraka.

Tatizo liko kwenye mwaka. Mihuri ya ndani hufuata kalenda ya enzi za wafalme: mwaka wa enzi ya Meiji hupatikana kwa kujumlisha 1867, wa Taisho kwa kujumlisha 1911, na wa Showa kwa kujumlisha 1925. Mpangilio ni mwaka, mwezi, siku. Kushigata yenye 3.5.12 ni tarehe 12 Mei, lakini inaweza kuwa ya 1914 au ya 1928, na mhuri wenyewe hausemi ni enzi ipi. Mfano mgumu na mtamu kuliko yote ni ule wa mwaka wa kwanza. Mfalme Taisho alifariki tarehe 25 Desemba 1926, na enzi ya Showa ikaanza siku hiyo hiyo, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa Showa ulikuwa na siku 7 tu. Mihuri ya siku hizo hutafutwa sana. Lakini Taisho nayo ilikuwa na mwezi wa Desemba katika mwaka wake wa kwanza, yaani Desemba 1912, na mhuri wenye 1.12.28 unaweza kuwa wa Desemba ile au wa Desemba hii.

Stempu peke yake husaidia kwa kiasi fulani. Ikiwa mhuri umo juu ya stempu ya mfululizo wa Tazawa, ulioanza kutolewa Agosti 1913, basi 1912 haiwezekani na suala limekwisha. Ada nayo husaidia: kadi ya kwenda nje ililipiwa sen 4 mwaka 1912, na mwishoni mwa 1926 ililipiwa sen 6. Lakini bahasha ya kwenda nje hujibu swali hilo vizuri kuliko hoja zote hizo, kwa sababu mihuri ya herufi za Kilatini ya bandari kubwa haikufuata enzi za wafalme. Iliandika siku, mwezi na mwaka kwa kalenda ya kimataifa. Ikiwa bahasha moja ina kushigata ya mji wa bara yenye 1.12.28 na mhuri wa Kobe wenye 29.12.26, hakuna tena cha kubishana. Kalenda mbili zimekutana juu ya karatasi moja, na moja imeitolea nyingine ushahidi. Ninaposema kwamba barua za nje ndizo ufunguo wa mihuri yote ya Japani, hata ile ya ndani, nina maana ya jambo hili hasa.

Mihuri ya Kilatini ina historia yake. Ya mwanzo huandika TOKIO badala ya TOKYO, na tahajia hiyo pekee hutosha kumwongoza mtu kwenye miaka inayofaa. Katika miaka ya 1930 neno JAPAN lilianza kuondolewa na mahali pake kuwekwa NIPPON, badiliko lililokwenda sambamba na siasa za utaifa za wakati ule, na baada ya vita JAPAN likarudi. Kuna pia herufi I.J.P.O., ambazo ni kifupi cha ofisi ya posta ya kifalme ya Japani, na hizi hazigongwi ndani ya Japani bali Shanghai, Korea na miji mingine ya ng'ambo. Japani ilifungua ofisi yake ya Shanghai mwaka 1876, yaani wakati Waingereza na Wafaransa walikuwa bado hawajaondoka Yokohama. Nchi iliyokuwa ikijitahidi kuwaondoa wageni katika posta yake ilikuwa tayari imeanza kuwa mgeni katika posta ya jirani yake, na ofisi hizo za Uchina hazikufungwa hadi mwisho wa 1922, baada ya mkutano wa Washington. Sioni namna ya kuisifu hatua ya 1875 huku nikiinyamazia hii ya pili. Katika albamu yangu mihuri ya aina hizo mbili imewekwa kwenye kurasa zinazotazamana.

Nyuma ya bahasha ndiko kwenye safari. Barua za kwenda Amerika zilivuka Pasifiki, njia iliyofunguliwa na meli za posta za Marekani mwaka 1867. Za kwenda Ulaya zilipita Hong Kong, Colombo na Suez kwa mwezi mmoja na zaidi, mpaka reli ya Siberia ilipoleta njia ya mkato. Baada ya vita vya Japani na Urusi kwisha, watu wengi walianza kuandika maneno Via Siberia kwenye kona ya bahasha, na barua ikafika Berlin au Paris kwa wiki mbili au tatu. Ukiweka pamoja kadi mbili za mwaka mmoja, moja ya Suez na nyingine ya Siberia, na kuhesabu siku kati ya mhuri wa Tokyo na mhuri wa kupokelea, unaona jinsi reli ilivyobadilisha mawasiliano bila kusoma neno lolote la mwandishi. Njia hiyo ilivurugwa na Vita vya Kwanza na mapinduzi ya Urusi, na mihuri inaonyesha wazi barua zikirudi baharini. Barua zilizotumbukizwa melini zilipata mihuri ya ofisi za posta za humo humo, yenye maneno I.J. SEA POST na jina la meli.

Kundi ninalolitazama kwa moyo mzito ni la barua za wafungwa wa vita. Ngome ya Wajerumani ya Tsingtao nchini Uchina ilisalimu amri tarehe 7 Novemba 1914, siku mbili tu baada ya mapigano ya Tanga kumalizika, na zaidi ya askari 4,000 wa Ujerumani na Austria-Hungaria walipelekwa katika kambi za Japani, kama Kurume, Narashino na baadaye Bando. Barua zao zilisafirishwa bila malipo. Kwa hiyo hazina stempu kabisa, na mtu aliyezoea kutafuta stempu angezitupa. Zina kushigata ya ofisi ya karibu na kambi, alama ya Kijapani inayoeleza kwamba ni barua ya mfungwa, herufi S.D.P. za huduma ya kimataifa ya wafungwa, na mhuri mdogo wa mkaguzi. Maandishi ya ndani mara nyingi ni machache na ya kawaida, kwa kuwa mwandishi alijua yatasomwa. Tarehe ndizo zinazoeleza uchungu: kadi iliyogongwa Japani majira ya kuchipua ikafika kijijini Ujerumani vuli, ikibeba salamu za sikukuu ambayo ilikuwa imekwisha kupita.

Anayeanza kukusanya ajihadhari na stempu za kuiga. Mwishoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara wa Tokyo aitwaye Wada Kotaro aliuza nakala nyingi za stempu za zamani kwa watalii, nyingine zikiwa na herufi ndogo za Kijapani zinazosema waziwazi kwamba ni nakala. Wageni hawakuweza kuzisoma, na hadi leo zimejaa katika albamu za zamani za Ulaya na Amerika. Nyingi zina mihuri pia, na mihuri hiyo ni ya kuiga vilevile. Mtu anayeijua mihuri huzitambua haraka, kwa sababu hugongwa mahali palepale kwenye kila stempu, na wino haujazama ndani ya karatasi kama unavyozama wino uliogongwa kwa nguvu ya mkono.

Barua ninazozishughulikia zaidi sasa ni za bei ndogo, na zinatuhusu. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za hadi Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya Osaka vilijaa katika maduka ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Baada ya tetemeko la Septemba 1923 kuiharibu Yokohama, wafanyabiashara wengi wa Kihindi walihamia Kobe, na wengi wao walikuwa na jamaa na wateja pwani ya Afrika. Bahasha za biashara hiyo zina jina la kampuni lililochapwa, anwani ya sanduku la posta la Mombasa, na mara nyingi stempu ya buluu ya sen 10 yenye picha ya ngome ya Nagoya, iliyotolewa 1926 pamoja na ya kijani ya sen 2 na nyekundu ya sen 6. Rangi hizo tatu ziliafikiwa kimataifa: kijani kwa machapisho, nyekundu kwa kadi, buluu kwa barua. Karani wa Mombasa asiyejua hata herufi moja ya Kijapani aliweza kuona kwa rangi tu kwamba ada ya barua imelipwa.

Nyingi ya bahasha hizi zimeharibiwa. Watu walikata kona yenye stempu, wakailoweka majini na kuitupa karatasi iliyobaki, na pamoja nayo wakatupa mhuri wa Kobe uliovuka ukingo wa stempu na mhuri wa kupokelea uliokuwa nyuma. Namwomba yeyote mwenye makaratasi ya duka la babu yake asikate chochote: bahasha ibaki nzima, barua ibaki ndani yake ikiwa ipo, ihifadhiwe mahali pakavu mbali na mwanga, na pasiwekwe utepe wa gundi hata kama imechanika. Picha nzuri ya mbele na ya nyuma inatosha kumpatia mtu mwingine nafasi ya kuisoma.

Kwa kila bahasha ninayoipata ninaandika tarehe ya Kobe, saa ikiwa inasomeka, mihuri ya njiani na tarehe ya Mombasa au Unguja, kisha ninazipanga kwa mfuatano wa tarehe. Zikishapangwa, barua za makampuni tofauti yasiyohusiana huanza kukusanyika katika siku zilezile, kwa kuwa wote waliwahi meli moja, na penye pengo la wiki kadhaa hapakuwa na meli. Mafungu hayo ninayalinganisha na matangazo ya kuwasili kwa meli katika magazeti ya zamani ya Mombasa, na kwa miaka ya kati ya 1930 na 1935 ratiba ya safari za Kobe imeanza kujitokeza, safari moja baada ya nyingine, ingawa miezi ya masika bado ina mapengo yanayosubiri bahasha nyingine.